Upinde Chini ya Gari

Walipokwisha kumnyonga mtu wa pili pale Ifakara, Shaushi Bakhiti, sajini wa askari wa Mjerumani, aliwageukia waliobaki akauliza ni nani kati yao anayejua kufua chuma. Watu walitazama vidole vya miguu yao. Mfua chuma wa mji alikuwa mmoja tu, Ligoha, naye alikuwa amesimama palepale katikati yao, mikono imejaa makovu ya cheche. Shaushi alitembea mpaka mbele yake, akamshika kiganja na kukigeuza kama mtu anayekagua kwato ya punda.

"Mikono ya kulima hii?"

"Ya kulima, bwana."

"Unalima moto?"

Askari walicheka. Ligoha alipigwa kitako cha bunduki tumboni, akaburutwa mpaka lilipokuwa gari.

Huo ulikuwa mwaka wa Maji Maji, moshi haukatiki bondeni. Wajerumani walichoma maghala ya mpunga, na waliokimbilia vinamasi walikula mizizi. Kikosi hiki kilitoka Kilosa na gari kubwa la maksai lililobeba masanduku ya risasi na bombomu, ile bunduki inayotema risasi bila kupumzika. Maksai walikwisha kwa mbung'o kabla ya kufika Ifakara, hivyo sasa gari lilikokotwa na wafungwa waliofungwa shingo kwa shingo. Lakini kilicholilaza gari hakikuwa kifo cha maksai. Chini yake, kati ya mhimili wa magurudumu na kitanda cha gari, palikuwa na mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kupindwa kama mwezi mchanga. Leo kila dereva wa lori anayaita springi. Ligoha hakuwa na jina la kuyaita. Aliona tu kwamba yamevunjika vipande, kushoto na kulia.

Luteni, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akitetemeka kwa homa, alimweleza kwa Kiswahili cha boma. Safari iliyopita springi zilikatika nao wakaendelea hivyohivyo. Gari likagonga kila jiwe, na kila pigo likaingia kwenye bombomu. Siku ya mapigano bunduki ikakwama, na askari wake wakachomwa mikuki huku wakiipigapiga ngumi. Safari hii lazima ifike Mbingu ikiwa nzima, maana waasi wamejikusanya huko.

"Tengeneza," alisema.

"Bwana, huyu ana mke," Shaushi akadakia. "Tumfunge mwanamke kwenye gari. Gari likivunjika, tunamnyonga hapohapo. Utaona atakavyofua vizuri."

Luteni aliitikia kwa kichwa bila hata kumtazama.

Digna aliletwa akivuka vumbi kwa hatua zake mwenyewe, hakukubali kuburutwa. Alikuwa amebatizwa na mapadre wa Kwiro, na msalaba wa mti ulikuwa shingoni mwake. Walimtia pingu mkono mmoja, wakafunga mnyororo kwenye pete ya ubavu wa gari. Ligoha alipoinama kutazama chini ya gari, mkewe aliinamisha kichwa.

"Usiwape kazi nzuri, baba," alisema taratibu. "Undole yuko Mbingu."

Undole alikuwa kaka yake Digna wa tumbo moja. Alikuwa amekunywa dawa ya maji, akafunga bua la mtama kichwani, akaapa kwamba risasi za Mjerumani zitamtiririka kama manyunyu.

"Nikiharibu watakunyonga."

"Nimesikia. Sikuziba masikio."

Watoto wao wote walikuwa kaburini, na nyumbani kwa Ligoha hapakuwa na mtu mwingine wa kumwita jina. Alishika nyundo akijua jambo moja tu: Digna lazima aishi. Mengine yangetafutiwa pa kuwekwa baadaye.

Kazi ya kwanza ilimshinda. Alipasha majembe moto, akafua mabapa mapya, marefu na manene, akayafunga chini ya gari. Askari walipolipakia mawe, mabapa yakalala. Walipoyashusha mawe, yakabaki yamelala vilevile. Luteni aliyasukuma kwa buti, yasinyanyuke.

"Imekufa hii," alisema. "Hamsa ishirini."

Walimlaza kifudifudi mbele ya mkewe wakampiga viboko ishirini na vitano mpaka ngozi ya mgongo ikafunguka. Digna alikuwa akimtukana Shaushi kwa kila pigo, akataja mama yake na mji alikozaliwa, mpaka askari mmoja akamziba kinywa kwa kofi. Kisha wakammwagia Ligoha maji ya chumvi, wakamwambia arudi kazini.

Hakuweza kukaa wala kulala chali. Alijilaza kwa tumbo chini ya gari, nzi wakimla mgongo, na kwa kuwa hapakuwa na kingine mbele ya macho yake, aliyatazama mabapa yaliyovunjika. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha zake. Kila ncha ilikuwa na alama inayong'aa, mahali ilipokuwa ikisugua bapa la juu yake. Kumbe hayakuwa yamegandana, yalikuwa yanateleza! La juu ndilo refu, la chini yake fupi kidogo, na yaliyofuata mafupi zaidi. Katikati, penye mzigo, palikuwa na unene, na kwenye ncha wembamba. Ligoha alijua kitu cha namna hiyo. Alikuwa anakichonga tangu ujana wake. Ulikuwa ni upinde.

Chuma cha jembe ni laini, kikipinda hakirudi. Chuma cha pua, kile cha mabapa ya Wajerumani, kinarudi, ila alichokuwa nacho kilikuwa vile vipande vifupi vilivyovunjika. Mti wa mkole unarudi, na mkole ulikuwa umejaa kando ya mito. Basi alikata mikole iliyonyooka, akaichana fito bapa, akaikausha juu ya makaa huku akiigeuza isipasuke. Akapanga fito ndefu juu, bapa la pua chini yake, fito fupi zaidi, bapa tena, mpaka safu ikawa nene kama paja. Kati ya kila tabaka alipaka mafuta ya kiboko ili ziteleze. Katikati tu ndipo alipokaza, kwa ngozi mbichi ya nyati ambayo ikikauka hubana kuliko pingu. Vipande vya pua vilitosha upande wa kulia. Upande wa kushoto alipata kimoja tu, sehemu iliyobaki ikawa mkole mtupu.

"Mzigo mzito uwe kulia," aliwaambia. "Kushoto mniwekee vyepesi."

Mawe yakapakiwa, gari likashuka. Yakashushwa, gari likapanda lenyewe taratibu. Luteni alicheka kwa mara ya kwanza, akambonyeza Ligoha begani palepale penye kidonda.

Wakaondoka kuelekea Mbingu, milima mkono wa kulia na vinamasi mkono wa kushoto. Njia ile hukatwa na vijito visivyohesabika vinavyoteremka milimani, na kila kijito kina mawe yake na kingo zake. Gari liliingia korongoni na kutoka. Magurudumu yaliruka, mhimili ukaruka, lakini kitanda juu kikawa kinayumba polepole kama mtumbwi. Bombomu ilikaa imefunikwa blanketi, haikugongwa hata mara moja. Ligoha alitembea nyuma na nyundo yake, amepewa kazi ya kulitazama gari, na kila kijito kilipovukwa salama kifua chake kilijaa. Alijua ni furaha. Aliionea haya, ikamjia tena kwenye kijito kilichofuata.

Njiani walichoma kijiji, na askari wakarundika magunia ya mpunga wa watu garini, upande wa kushoto kwa kuwa ndio uliokuwa na nafasi. Mzee mmoja alishika gunia lake asiliachie, wakamkata mkono, gunia likapanda na damu yake.

Jua lilipokuwa linashuka walipiga kambi. Ligoha alimwendea Shaushi.

"Bwana Shaushi, mzigo ushushwe mpaka asubuhi."

"Kwa nini?"

"Upinde haulazwi na kamba ya ugwe wake. Ukilala umevutwa, asubuhi umechoka, hauna nguvu tena. Hata mtoto wa mwindaji anajua. Hizi ni pinde, bwana."

Shaushi aliwaita wenzake wasikie. "Anataka risasi zetu zilale chini majanini! Shemeji zake waje wazichukue, eti pinde zimechoka. Zitandikiwe na mkeka?"

"Nasema kweli. Mke wangu amefungwa hapo, nitakudanganyaje?"

"Weka mkono wako hapo."

Walimshikilia kiganja juu ya gurudumu, Shaushi akashusha kitako cha bunduki. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilipondeka kama miwa. Luteni alikuwa hemani, homa imempanda, hakusikia kitu.

Asubuhi Ligoha alichuchumaa kando ya gari. Upande wa kulia ulikuwa umesimama imara. Upande wa kushoto, fito za mkole zilikuwa zimelala tambarare, na kidole kimoja tu kingepita kati yake na mhimili. Akajua. Kijito cha mawe makubwa kilikuwa mbele, karibu na Mbingu, na hapo upande ule ungekatika, gari lingelalia kushoto na kumponda kila aliye huko. Digna alikuwa amefungwa kwenye pete ya kushoto.

Angesema tena wasingesikia. Akafikiri, akiwa amekumbatia mkono wake uliovimba. Shaushi Bakhiti hakuwahi kumpa mtu yeyote alichoomba, hata maji ya kunywa.

"Bwana Shaushi," alisema kwa unyonge, "nakuomba jambo moja tu. Mke wangu msimwondoe hapo kushoto. Kulia kuna jua la alasiri, litamuunguza."

"Ee! Bibi harusi ataungua?" Shaushi alifungua mnyororo mwenyewe, akamvuta Digna kuzunguka gari na kumfunga kwenye pete ya kulia. "Sasa mwombe yule Yesu wako akushikie mwavuli."

Digna alimtazama mumewe. Ligoha akainamisha uso, asije akaonekana.

Alasiri, kwenye kijito, wafungwa walivuta huku viboko vikilia migongoni mwao. Shaushi alitembea upande wa kushoto, kwenye kivuli. Gurudumu la kushoto lilipanda jiwe, likaporomoka upande wa pili. Ligoha alisikia mkole ukipasuka, mlio uleule wa upinde unaovunjikia mkononi. Gari liliinama, likasita, likaanguka. Magunia na masanduku yalimfunika Shaushi, na ubavu wa gari ukatua juu ya mapaja yake. Alipiga ukelele kama nguruwe.

Kana kwamba ukelele huo ndio waliokuwa wanaungoja, matete yalifunguka pande zote mbili. "Maji! Maji!" Watu walimiminika, mabua ya mtama vichwani, mikuki juu. Askari wa mbele alichomwa shingoni kabla hajageuka. Wafungwa walitaka kukimbia, lakini waliofungwa shingo kwa shingo hawakimbii. Aliyeanguka aliwavuta wenzake majini, na risasi za askari waliobabaika ziliwamaliza humohumo.

Ligoha aliruka juu ya gari lililopinduka. Digna alikuwa ananing'inia kwenye pete, mkono umechomoka begani, miguu ikitafuta pa kukanyaga. Alipiga pete kwa nyundo. Akapiga tena. Mkono ukamshika mguu kutoka chini.

"Nitoe!" Shaushi alisema, damu ikimtoka kinywani. Mkono wa pili ulikuwa unapapasa bastola. "Nitoe, mshenzi wewe!"

Ligoha alishusha nyundo mara moja usoni pake, kisha akarudi kwenye pete. Ilikatika kwa pigo lililofuata, Digna akamwangukia kifuani, wakabiringika pamoja mpaka kwenye matete.

Hapo ndipo waliposikia sauti. Luteni, amevaa shati tupu, alikuwa ameiburuta bombomu kutoka garini pamoja na askari wawili, wakaisimamisha kwenye mchanga wa kijito. Ilikuwa nzima. Haikuwa na jino lililopinda wala skrubu iliyolegea. Ilianza kutema, ikaendelea, ikaendelea. Waliokuwa wanakuja walianguka safu nzima kama mpunga unaovunwa, na waliokuja nyuma yao waliwakanyaga wenzao, wakaanguka pia.

Undole alikuwa mbele ya safu ya pili. Digna alimwona kabla ya Ligoha. Alikuja akikimbia kifua wazi, anaimba, na risasi zikamkata kiunoni, akapiga magoti kama anayesalimia wakubwa. Kisha zikampata kichwani.

Digna alifungua kinywa. Ligoha alikiziba kwa kiganja chake kizima na kumlalia, mpaka bunduki iliponyamaza kwa kukosa watu.

Walitambaa katika matete mpaka maji yakawafika magotini, wakielekea upande wa Malinyi, ambako askari walikuwa hawajafika bado. Mahali pakavu pa kwanza walisimama. Ligoha alimrudishia bega mahali pake, naye hakulia.

"Haikukwama," Digna alisema.

"Haikukwama."

"Wangeibeba kwenye gari lililovunjika, ingegongwa, ingekwama kama ile ya safari iliyopita."

"Wangekunyonga, Digna."

"Najua. Nilikuwepo." Alikuwa anatazama nyuma, ambako moshi mpya ulianza kupanda Mbingu. "Mkono wako wa vidole vilivyopondeka, nipe niufunge. Ule wa nyundo usiniguse nao."

Alichana upande wa nguo yake kwa meno, akamfunga vidole kwa uangalifu, akakaza fundo. Kisha akageuka na kutangulia kwenye matete, bila kuangalia kama anafuatwa.