Sanduku Lililogeuzwa

Kinyozi ambaye mikono yake inatetemeka hapati wateja, anapata mashahidi. Mzee alilijua hilo kabla mtu hajamwambia. Siku aliyomkwaruza mwalimu mkuu sikio, alimfuta damu, akamwomba radhi, akakunja wembe wake na kumkabidhi msaidizi ufunguo wa saluni. Hakulia wala hakulalamika. Alijiambia kwamba bado anao uvuvi, na kule bwawani hakuna masikio ya watu.

Tatizo ni kwamba mikono aliyokwenda nayo bwawani ilikuwa ile ile.

Aliishi kwa mwanawe, dereva wa lori, kijana ambaye barabara ilimwona mara nyingi kuliko kitanda chake. Kwa hiyo jioni nyingi mezani walikuwa wawili tu: Mzee upande huu, na upande ule mkwe wake, mke wa huyo dereva. Mkwe alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa misumari, bawaba na komeo, na hakuwa mwingi wa maneno. Waliheshimiana hadi ikawa taabu. Shikamoo baba, marahaba, chakula tayari, asante, basi. Ungewasikia ungedhani wanalipia kila neno.

Chakula kikiisha, Mzee alifungua sanduku lake la vifaa vya kuvulia. Lilikuwa la bati, kijani, limegawanywa vyumba vyumba ndani, na kifuniko chake kilifunguka hadi kulala chali juu ya meza. Kililala upande wa mkwe, karibu kabisa na sahani yake, kikiwa na harufu yake yote ya samaki wa zamani. Mkwe aliisogeza sahani, akabaki ameketi pale pale, anaangalia. Mzee aliuona ule uangaliaji na akautafsiri anavyojua yeye. Huyu, alisema moyoni, anasubiri niondoke duniani meza yake ipumue.

Vitu ndani ya sanduku alivipanga kikinyozi. Kinyozi hatafuti kitana. Mkono unakwenda wenyewe, macho yanabaki kichwani kwa mteja. Vivyo hivyo, chubwi za kuzamishia mshipi zilikaa nyuma kushoto, maboya nyuma kulia, ndoano mbele kulia, na vile visamaki vya plastiki vya kuwadanganyia samaki wa kweli vilikaa mbele kushoto. Miaka yote mkono wake haukupotea humo. Lakini tangu ulipoanza kutetemeka, uliangusha vitu njiani, hiki katika chumba cha kile, mpaka sanduku zima likawa mchafukoge. Visamaki vya plastiki ndivyo vilivyomtesa zaidi. Kila kimoja kina ndoano zake tumboni, na zilikuwa zimeshikana. Akivuta kimoja vinakuja sita, kama ndugu waliosikia kuna chakula.

Jioni moja alihangaika na ndoano moja tu, kuifunga kwenye mshipi, mpaka chai ikapoa. Ilimponyoka, ikaanguka chini, akaiinamia, ikamchoma kidole. Akaketi akakinyonya kidole kama mtoto. Kisha akafunga sanduku.

"Jumamosi fundi viatu akija, atalichukua hili," alisema. "Mimi uvuvi nimemaliza."

Fundi viatu alikuwa mwenzake wa bwawani tangu wote wawili wana nywele.

"Umeshamwambia, baba?" mkwe akauliza.

"Nimeshamwambia."

Mkwe alikusanya vyombo akaenda jikoni. Mzee alibaki na sanduku lake, na swali lile likamkaa rohoni, maana alilisikia kama la mtu anayetaka kujua mgeni anaondoka na gari la saa ngapi.

Ijumaa ilikuwa siku ya mkwe ya mapumziko. Mzee alikwenda saluni kama kawaida yake, kuketi kwenye benchi la wateja na kukosoa kila kichwa kilichotoka. Aliporudi mchana alilikuta sanduku mezani, wazi, na halikuwa sanduku lake tena.

Vyumba vilikuwa vimesuguliwa, bati linang'aa. Kila chumba kilikuwa na sakafu ya sponji, imekatwa kwa kipimo. Ndoano zilichomekwa kwenye sponji kwa mistari, ndogo hadi kubwa, na kila moja ilikuwa imekwisha fungwa kwenye kipande chake cha mshipi, mwisho wake kibanio kipana ambacho hata mtu aliyevaa glavu angekifungua. Visamaki vya plastiki vililala kila kimoja peke yake, ndoano zake zimevishwa vipande vya mrija wa soda ili zisishike wala kuchoma. Na ukingoni mwa kila chumba palikuwa na kitu kimoja kimegundishwa, chubwi kwa chumba cha chubwi, boya kwa chumba cha maboya, kama wanavyobandika skrubu moja nje ya droo dukani ili muuzaji asifungue droo zote.

"Nani amegusa sanduku langu?" Mzee aliuliza, kana kwamba nyumba ilikuwa na watu arobaini.

Mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono. Vidole vyake vitatu vilikuwa na plasta.

"Ni mimi, baba. Nilisema ujaribu kabla hajaja kulichukua. Ukiona halifai, basi, atalichukua likiwa safi."

Mzee alitaka kugomba, na alikuwa na haki, maana sanduku la mvuvi si la kufunguliwa hovyo. Lakini alizitazama zile plasta, akavuta kiti akaketi. Aliunyoosha mkono bila kuangalia, nyuma kushoto, kuchukua chubwi. Akashika ndoano. Akaupeleka nyuma kulia kwenye maboya. Akatoka na kisamaki. Mbele kulia, palipokuwa pa ndoano, zikamjia chubwi.

"Kila kitu kimehama," alisema.

"Haiwezekani, baba. Nimeviweka vilevile unavyoviweka. Navijua vyote." Mkwe alizunguka meza akaja kusimama nyuma ya kiti cha Mzee. Alitazama sanduku, akatazama kiti chake mwenyewe kule ng'ambo, na uso ukamshuka. "Ah. Mimi huwa naviona nikiwa pale. Na leo nimepanga nikiwa pale pale, ila sanduku nililigeuza mbele yake ije kwangu, kisha nikakurudishia. Kushoto kwangu kumbe ni kulia kwako. Samahani, baba. Nipe nusu saa nivigeuze."

Mzee alikuwa akikitazama kile kiti. Kumbe jioni zote zile, sahani imesogezwa, harufu ya samaki puani, huyu mtoto wa watu alikuwa akitazama mikono yake. Alijua chubwi zinakaa wapi. Alijua fundo analofunga baba mkwe wake, na alikuwa amelifungua na kulifunga mpaka ndoano zikamla vidole. Mzee aliona haya kidogo, na shukrani ilimjaa.

"Usivigeuze," alisema. "Ngoja."

Akalishika sanduku kwa mikono yote miwili, likatetemeka pamoja naye, akalizungusha mpaka bawaba zikaja upande wake. Kifuniko sasa kililala mbele yake, katikati ya tumbo lake na vyumba. Akanyoosha mkono nyuma kushoto. Chubwi. Nyuma kulia. Boya. Mbele kulia akachomoa ndoano, mkono ukampiga chenga kama kawaida, ndoano ikamponyoka.

Ikaanguka ndani ya kifuniko. Haikwenda chini wala haikuingia chumba cha jirani. Ilikuwa pale mbele yake, inamsubiri. Akaiokota, ikaanguka tena pale pale, akaiokota tena, na mara hii akakinasa kibanio kwenye mshipi wa fimbo yake ya kuvulia, iliyoegemea meza, bila msaada wa mtu.

Mkwe alicheka, ameziba mdomo. Mzee naye akacheka, machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mimi nilidhani unakichukia kifuniko hiki."

"Kinanuka, baba, nisikudanganye," mkwe akasema. "Lakini ukifunga zile ndoano ulikuwa unapiga mluzi. Siku hizi hupigi. Nikasema ule mluzi lazima urudi."

Jumamosi fundi viatu alifika na mfuko mkubwa, kwa kuwa aliahidiwa sanduku. Alitoka nao mtupu, ameambiwa autumie kuwekea samaki. Bwawani alimwona mwenzake ameketi, kifuniko magotini, sanduku linaangalia maji.

"Umeligeuza nyuma mbele," alimwambia.

"Ndivyo lilivyopangwa," Mzee akajibu, akanasa kibanio na kurusha mshipi.

Jioni alileta kambale wawili, mmoja wa kuonekana na mmoja wa kusamehewa. Walipokwisha kula, mkwe alianza kuinuka na vyombo, akasita.

"Baba, leo nina nafasi. Nikupangie upya, likae sawa?"

"Ukiligusa nahama," Mzee alisema. Alikuwa amekwisha lifungua, kifuniko mbele yake, na upande wa mkwe meza ilikuwa wazi, safi, haina harufu ya kitu. "Vyombo vitangoja. Wewe kaa hapo hapo unapokaa."

Mkwe akaketi. Mzee akachomoa ndoano ya kwanza, akaanza kupiga mluzi.