Treni ya Kushusha Tu

Dada yake kondakta alipiga simu treni ikiwa bado haijatoka stesheni kuu.

"Baba katoka. Koti lake la kazi halipo msumarini, na filimbi kaichukua."

Kondakta alijua filimbi inakwenda wapi. Treni ya jioni ilikuwa ya haraka. Kwenye stesheni ndogo ilishusha tu, haikupakia mtu, na mojawapo ya stesheni hizo ilikuwa karibu na kwao. Baba yake, kondakta mstaafu, abiria walimwita Msumeno kwa sababu aliwahi kumshusha mkewe mwenyewe njiani, na kikapu chake, kwa kukosa tiketi. Siku hizi akili zilikuwa zinakuja na kuondoka. Mara mbili alipanda bila tiketi akidhani yuko zamu, na mara zote mbili mwanawe alifumba macho. Kwa hilo kondakta akapewa onyo kazini, tena la mwisho. Na leo, kama vile shetani ndiye aliyepanga ratiba, mkaguzi alikuwa amekaa behewa la kwanza, mama mpole wa sauti na mkali wa kalamu.

Kondakta hakutulia. Alikagua tiketi, akarudi akazikagua tena, mpaka abiria mmoja akamwambia, "Kaka, hii umeshaitoboa. Unataka iwe chujio?" Watu wakacheka.

Stesheni ya kwao ilipofika, alisimama mlangoni akilipekua jukwaa kwa macho. Watu walishuka, hakuona aliyepanda. Akapuliza filimbi, akainua bendera ya kijani, treni ikaondoka, naye akashusha pumzi. Kumbe kajipongeza mapema.

"Tiketi, tiketi! Asiye na tiketi ajiandae kushuka!"

Sauti ilitoka behewa la nyuma. Ilikuwa imekauka, lakini ni ileile iliyomlea. Akaenda mbio, akamkuta mzee amenyooka ndani ya koti lake, abiria wanampa tiketi kwa heshima zote. Mkaguzi naye alikuwa ameshafika.

"Na wewe, mzee wangu, tiketi yako iko wapi?"

Msumeno alijipapasa mifuko, akarudia kujipapasa. Kondakta aliona aibu, aibu yenye hasira, na hakujua amkasirikie nani.

"Sina," mzee akasema. Kisha akamgeukia mwanawe, akamtazama kama mtu asiyemjua. "Kijana, unangoja nini? Sheria ni sheria. Nishushe."

Stesheni iliyofuata akamshusha, kamshika kiwiko, mkaguzi akiwatazama kutoka mlangoni. Alikusudia kumkalisha kwenye benchi, amwite dada yake kwa simu, kisha arudi kazini. Treni haiendi bila filimbi yake. Alichosahau ni kwamba jukwaani pale filimbi zilikuwa mbili.

Mzee aliitazama milango, kichwa mpaka mkia, kama alivyofanya maisha yake yote. Akapuliza, akainua mkono. Dereva alifanya naye kazi tangu alipoanza udereva. Aliuona mkono ule kwenye kioo na hakuuliza kitu. Treni ikang'oka.

Kondakta alikimbia, akapiga kelele, akaligusa behewa la mwisho kwa kiganja. Likampita. Dirishani mkaguzi alikuwa ameduwaa. Kazi ndiyo ile inakwenda zake, akawaza, na akatamani kukaa chini alie.

Alirudi akihema, maneno makali yamemjaa mdomoni. Mzee alikuwa anamsubiri, uso umejaa huruma.

"Umeachwa, kijana?"

"Nimeachwa."

"Pole. Inayokuja inapakia. Una tiketi?"

Kondakta alijipapasa mifuko bila kujua anatafuta nini. "Sina, baba."

Msumeno akatazama huku, akatazama kule, kama anayeogopa kuonekana. Akamsogelea.

"Panda tu," akamnong'oneza. "Leo nitafumba macho."