Vunjajungu Aliyeingia Kwenye Picha ya Cucu

Mwaka wa 1958 karani wa tiketi katika stesheni ya Ruiru alikuwa mtu mrefu, mpole, aitwaye Jeconia Mulei, na watu wengi wa mji ule walimwona ana wazimu kidogo. Si wazimu wa kutisha. Tiketi alikata sawasawa, salamu aliitikia, na Jumapili kanisani hakukosa. Lakini akitoka kazini, badala ya kwenda sokoni kupiga soga na wanaume wenzake, alilala kifudifudi kwenye kibustani chake nyuma ya nyumba za reli, kamera mkononi, akimkodolea macho sisimizi.

Kamera yenyewe ilikuwa sanduku jeusi lenye ukubwa wa mkate, ambalo aliachiwa na stesheni masta aliyehamishiwa Kisumu. Filamu moja ilitoa picha nane. Mwanzoni Jeconia alipiga watu kama kila mwenye kamera: mkewe Ngendo, binti yao Wamboi, mapacha wa jirani. Kisha jioni moja akaona sisimizi wakipanda shina la waridi kuwakamua vidukari, wakiwapapasa mgongoni taratibu kama mtu anayekamua ng'ombe mkali. Akaitaka picha hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Shida ni kwamba kamera ya namna ile haioni kilicho karibu. Ukiisogeza kwenye ua, inakupa ukungu. Jeconia akachukua kioo cha kukuzia alichosomea maandishi madogo ya kitabu cha nauli, akakibandika mbele ya lenzi kwa plasta ya kidonda. Kabla ya kutia filamu akafungua mgongo wa kamera, akatandaza hapo karatasi ya kufungia siagi, akaacha tundu la mwanga wazi, halafu akasogeza ua mbele na nyuma mpaka sura yake ikajichora kwenye karatasi, kichwa chini, kila mshipa wa petali ukionekana. Umbali ule akaupima kwa uzi: shubiri moja na vidole vitatu. Akafunga uzi kwenye kamera, na ncha yake akaipiga fundo. Kuanzia siku hiyo, fundo likigusa ua, alibonyeza.

Picha alizipeleka Thika kusafishwa kwa Bwana Popat, Mhindi mwenye duka la picha karibu na soko. Mara ya kwanza Bwana Popat alimrudishia filamu bila picha hata moja.

"Zimeharibika zote, karani. Sikutaka kukutia hasara."

Jeconia akainua filamu kwenye mwanga wa mlango. "Hii haijaharibika, Bwana Popat. Huu ni mguu wa nyuki."

Bwana Popat alivaa miwani, akaangalia. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Kisha akaingia kwenye chumba chake cha giza na hakutoka mpaka amezitoa zote.

Sasa, Ngendo alikuwa binti wa kijiji cha Gitothua, na mama yake, Cucu Njambi, yaani nyanya yake Wamboi, aliishi huko na mbuzi wawili na ulimi mkali. Kitinda mimba wake, Kagwe, alikuwa amekamatwa wakati wa hali ya hatari, na sasa alikuwa anamaliza mwaka wa tatu katika kambi ya kizuizini, mbali sana, upande wa joto. Mwezi wa Oktoba barua yake ilifika. Ngendo aliisomea jikoni, mama yake akiwa amekaa kwenye kigoda na mikono mapajani. Kagwe aliandika kwamba yu mzima, kwamba amejifunza useremala, na kwamba akifumba macho sura ya mama inakataa kumjia. Kama ipo picha, wamtumie. Mwalimu mmoja wa kanisa alikuwa amepata kibali cha kwenda kuwaona, naye angeondoka Ijumaa.

 Cucu Njambi akamgeukia mkwe wake, ambaye kwa heshima alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Wamboi, lile sanduku lako linajua kupiga watu, ama ni sisimizi tu?"

"Linajua, Mama."

"Basi Jumatatu nitakuja nimeoga."

Jumatatu alikuja kweli, asubuhi na mapema, amevaa sweta ya kijani iliyonyooshwa na kitambaa kipya cha kichwa. Katika maisha yake alikuwa amepigwa picha mara moja tu, ya kitambulisho. "Hiyo siihesabu," alisema. "Walinipiga kama mwizi wa kuku." Alikataa kukaa mbele ya ukuta. Alitaka kukaa nyuma ya zinia, ambazo mwaka ule zilikuwa zimechanua nyekundu na nyeupe mpaka zikaelemewa na vichwa vyao. "Kagwe aone maua. Ajue nyumbani bado kunamea vitu."

Jeconia alikuwa amebakiwa na picha moja tu kwenye filamu. Saba alizitumia wikendi hiyo na asubuhi ileile, ya mwisho ikiwa ya kiwavi mwenye manyoya. Zaidi ya hayo alikuwa na haraka, kwa sababu gari moshi la mizigo la kutoka Thika lilikuwa limeshapiga honi mbali. Akaweka kamera juu ya kreti, mbele ya zinia, akaelekeza.

"Mama, usitikisike."

"Nipumue?"

"Pumua kidogo."

Cucu akakaza macho kama anayemtazama mwanawe ana kwa ana. Kidude cha kubonyeza kikalia *ta*. Jeconia akaifunika kamera, akakimbilia stesheni huku akivaa kofia.

Jioni alipoichukua kamera kutoa filamu, aliona kioo cha kukuzia. Kilikuwa bado kimebandikwa mbele ya lenzi, na plasta yake, tangu alipompiga kiwavi.

Alikaa chini pale pale. Ngendo alimkuta hivyo, kamera mapajani, uso kama wa mtu aliyepokea simu ya msiba.

"Ni nini?"

"Nimempiga Mama na kioo."

Ngendo alikuwa ameishi na kamera ile kiasi cha kuelewa. "Umemfuta mama yangu?"

"Atakuwa ukungu. Ukungu wenye kitambaa."

"Na filamu nyingine?"

"Iko Thika."

Ngendo alitaka kukasirika, na kwa muda alifaulu. Lakini alipomwona mumewe anakitazama kile kioo kama kwamba ndicho kilichomsaliti, kicheko kilimtoka puani. "Wewe ndiye utakayemwambia," alisema akijifuta macho. "Mimi simo."

Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko ya Jeconia. Alipanda treni ya asubuhi hadi Thika, akampa Bwana Popat filamu bila kueleza mengi, akanunua nyingine, kisha akaenda kungojea kwenye maporomoko ya Chania. Alikaa juu ya jiwe, ng'ambo ya bustani ya hoteli moja ya zamani. Wafanyakazi walikuwa wakimwagilia maua mazuri ajabu, na siku nyingine angeomba ruhusa kuingia. Siku hiyo hakuona ua wala mdudu. Alikuwa akipanga maneno. *Mama, kuna jambo dogo.* Hapana. *Mama, kamera hizi zina tabia zake.* Hapana, kamera haikuwa na kosa.

Aliporudi dukani, Bwana Popat alikuwa mlangoni akimngoja, mikono bado ina maji ya dawa.

"Karani! Njoo haraka! Hii umeipataje?"

Akamwekea picha mezani, aliyoikuza kubwa kama ukurasa wa gazeti bila kuulizwa. Mbele kabisa palikuwa na ua moja la zinia, lile lililokuwa karibu na lenzi, limekolea hata vumbi la njano katikati yake ungeweza kulihesabu. Na juu ya ua, mikono imekunjwa kifuani, amekaa vunjajungu. Hakuwa vunjajungu wa majani ambao kila mtu anawajua. Huyu mwili wake ulikuwa na miba na mabaka, umefanana na petali hasa, na kwenye bawa lake palikuwa na alama ya mviringo iliyojikunja kama tarakimu ya tisa. Hakuna aliyemwona asubuhi ile. Si Jeconia, si Ngendo, wala Cucu aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake.

"Na hiki cha nyuma?" Bwana Popat aliuliza, akigusa wingu moja la kijivu lililovaa kitambaa. "Moshi?"

"Mama mkwe wangu."

Bwana Popat alimtazama. Alijaribu kujizuia, mabega yakamtikisika, mwisho akashika meza kwa mikono miwili. Jeconia alipomweleza habari ya Kagwe na mwalimu wa Ijumaa, akaacha kucheka. "Mlete kesho, treni ya kwanza," alisema. "Nitampiga mwenyewe, na mchana picha itakuwa tayari. Sitaki kitu. Ila hii ya mdudu uniachie nakala niiweke dirishani."

Jioni hiyo Jeconia alitembea hadi Gitothua. Alimkuta Cucu akifunga mbuzi. Maneno yote aliyoyapanga kwenye jiwe yalimtoroka, basi akatoa tu picha kwenye bahasha na kumpa kwa mikono miwili.

"Mama, nimekukosea. Nilisahau kioo. Umetoka vibaya."

Cucu Njambi aliishika picha mbali, kisha karibu. Aliigeuza upande, akaigeuza tena. Jeconia alitazama vidole vya miguu yake.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu bwana mwenye namba?"

"Ni vunjajungu. Alikuwa pale kwenye ua. Hatukumwona."

"Haiya!" Kikaja kicheko, chembamba kwanza, halafu kikubwa mpaka mbuzi wakashtuka. "Nimekaa na mgeni asubuhi nzima na hakuna aliyetujulisha! Tazama alivyokunja mikono, kama mzee wa kanisa anayengoja sadaka!" Alijifuta macho kwa pembe ya kitambaa, kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Kagwe alikuwa anawafuga hawa akiwa mdogo. Wale wa kijani. Alikuwa anawalaza kwenye kofia ya baba yake."

Kesho yake, Jeconia akiwa ameomba ruhusa kazini, walikwenda Thika wote watatu, Ngendo pia. Bwana Popat alishusha pazia lake la kuchorwa, lenye ziwa na nyumba ya ghorofa, lakini Cucu alikataa. "Mimi huko sijawahi kufika. Mtoto atafikiri nimehama." Basi wakatundika shuka jeupe. Akakaa wima, akakaza macho, na safari hii alitoka yeye hasa, hata kovu dogo la kwenye nyusi. Alipopewa picha alijitazama kwa muda mrefu, akasema tu, "Kumbe nafanana na mama yangu."

Halafu akadai na nakala ndogo ya ile ya vunjajungu, akazitia zote mbili kwenye bahasha moja. Mwalimu aliondoka nazo Ijumaa.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Ngendo aliyasoma stesheni, kwenye benchi, kati ya treni mbili, kwa sababu Cucu hakukubali kungoja mpaka nyumbani. Kagwe aliandika kwamba alipoiona picha ya mama alitoka nje kwanza, akalia peke yake. Mama amekonda, lakini macho ni yaleyale, na sasa akifumba yake anamwona. Ile nyingine, aliendelea, ilizuiwa siku tatu na karani anayekagua barua. Kumbe hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anawaonyesha wenzake. Ilipoingia bwenini ilizusha ubishi: nusu ya watu walisema ni mdudu, nusu walisema ni kinyago, na hakuna kazi iliyofanyika vizuri wiki hiyo kwenye karakana. Walikuwa wanauliza kama shemeji anazo nyingine.

Cucu alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo," akasema, "mimi nilitazamwa na mtu mmoja, na mdudu akatazamwa na bweni zima."

"Mama, Kagwe amesema alilia," Ngendo alimkumbusha.

"Nimesikia." Akaikunja barua, akaiweka kifuani ndani ya sweta. "Baba Wamboi, hiyo filamu yako ina ngapi zimebaki?"

"Tano, Mama."

"Usizichezee."

Kuanzia hapo Jeconia hakuwinda tena peke yake. Macho ya Cucu, ambayo hayakuweza kusoma barua, yaliona kidudu kwenye jani toka upande wa pili wa boma. Alijua ni mti gani una viwavi, ni saa ngapi nyuki wanakuwa wazito kwa baridi, na kwamba kipepeo akisharowa na umande hawezi kukukimbia. Alimshikia shina lisitikiswe na upepo, akimkaripia mkwe wake kwa kupumua sana. Picha ziliendelea kwenda kambini, tatu au nne kila mwezi. Mwaka uliofuata Kagwe aliachiliwa, akarudi amekonda na mnyamavu, na ikawa yeye ndiye aliyemtengenezea Jeconia kisanduku cha mbao cha kushikilia kioo, cha kuchomeka na kuchomoa, kisisahaulike tena.

Lakini siku ambayo Ruiru waliisimulia zaidi ilikuwa Jumamosi moja ya Desemba, wakati foleni ya tiketi ilikuwa imefika nje ya mlango. Cucu Njambi alipita pembeni ya watu wote, kitambaa kimemwendea upande, akapiga kwenye kidirisha cha tiketi.

"Baba Wamboi! Kile kifuko kwenye mlimau kinapasuka! Kipepeo anatoka!"

Jeconia aliitazama foleni. Foleni ikamtazama. Treni ilikuwa bado dakika kumi na mbili. "Wazee wangu," alisema, "nawaomba radhi kidogo," akatoka kwa mlango wa nyuma na kamera.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha kuku alitaka kulalamika, kisha akaona afadhali aende akaone kinachomtoa karani kazini. Wengine wakamfuata. Dakika moja baadaye watu kama ishirini walikuwa wamejipanga kimya kuzunguka mlimau nyuma ya nyumba za reli, mizigo mikononi, na Cucu amewanyooshea kidole wasisogee. Kipepeo alining'inia kwenye ganda lake tupu, mabawa bado yamelowa, akiyakunjua polepole.

"Pumueni kidogo tu," Cucu aliwaambia.