Mguu wa Kushoto wa Kahaso

Kahaso aliingiza shuka la mwisho kwenye mashine ya pasi, akalipokea upande wa pili likiwa moto kama mkate, akalikunja. Zamu ilikuwa imekwisha. Wenzake katika udobi wa hoteli walikwenda kula wakicheka; yeye alivua aproni, akatokea mlango wa nyuma alikoifunga baiskeli yake kwenye bomba la maji.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka namba. Chama cha waendesha baiskeli wa mashindano kilikuwa kikiteua wanawake wa kwenda kambi ya mazoezi, na mwaka huu hakikutaka maneno. Kila mwombaji aonyeshe miguu yake inasukuma pedali kwa nguvu ya wati ngapi akiwa mlimani.

Zamani Kahaso hakuhitaji chombo cha kumpima. Alikuwa na Jemima, mwenzake wa udobini. Walikipanda pamoja kilima cha Golini, huyu mbele, huyu nyuma, na pumzi za mwenzake zilimwambia kama siku hiyo alikuwa na nguvu au hana. Hoteli ilipopunguza watu, Jemima alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na tajiri wake wa huko akaichukua simu yake. Tangu hapo Kahaso alipanda peke yake. Wanaume wa Ukunda walikuwa na kundi lao la baiskeli. Walitoka alfajiri, wakati yeye yuko kazini, na hapakuwa na aliyewahi kumwuliza saa gani ingemfaa.

"Niaje, sista?" Hesbon, fundi wa baiskeli kutoka bara mwenye kibanda Ukunda, aliifuta meza kwa kitambaa cheusi cha grisi.

"Salama, fundi. Umekipata kipima?"

Hesbon aliweka vitu viwili mezani. "Hizi pedali zinasoma miguu yote miwili, lakini bei yake ni ya wenyewe. Hii nyingine ni krenki ya kushoto, huu mkono unaoshika pedali, second hand. Mzungu fulani wa Diani aliiacha akienda kwao. Kipima kiko ndani. Kinasoma mguu wa kushoto tu, halafu kinazidisha mara mbili."

"Nitachukua hiyo."

"Ngoja kwanza." Hesbon aliinama, akaizungusha gia ya nyuma kwa kidole. "Cheni imeisha. Na meno ya gia, cheki, yameliwa mpaka yamechongoka kama ya papa. Ningekuwa wewe, hiyo doo ningenunulia cheni na gia mpya. Kipima hakikuongezei nguvu, kinakusomea tu."

Kahaso alijua. Mlimani cheni ilikuwa ikiruka, na goti lake la kulia lilikuwa na kovu la kugonga usukani.

"Cheni ikiruka nitajua mimi pekee," alisema. "Namba zisipokuwapo, hata mimi sipo. Funga kipima, tafadhali."

Hesbon akachukua spana.

Kutoka Kombani barabara ilianza kuinuka kuelekea Golini na Kwale. Kahaso alikaa kwenye siti bila kusimama hata mara moja, maana akisimama cheni ingeteleza. Simu ilikuwa imefungwa kwenye usukani kwa mpira, na namba kutoka kwenye kipima zilipanda na kushuka pamoja na pumzi zake. Alipofika Kwale mjini aliteremka, akasubiri macho yatulie, akasoma: wastani wa wati mia mbili na arobaini.

Aliangaza huku na huku akitafuta wa kumwonyesha. Kando ya barabara palikuwa na mama aliyekuwa akikaanga viazi karai.

"Karibu viazi, mwanangu."

"Ahsante, mama," alisema Kahaso, akaendelea kusimama pale na simu mkononi, mpaka yule mama akageukia karai lake.

Ofisi ya chama ilikuwa chini, Matuga. Katibu wake, Gilbert, aliitazama simu kwa muda mrefu.

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Dobi, hotelini."

"Kocha wako ni nani?"

"Sina kocha."

"Hizi namba ni za mwanamume."

"Ni zangu."

"Kipima chenyewe kinasoma mguu mmoja. Pengine wa kushoto ndio wenye nguvu, wa kulia umelala." Alicheka kidogo. "Nenda Nairobi, kuna maabara ya michezo. Watakupima, utuletee cheti."

"Na uteuzi unafungwa leo."

"Unafungwa leo, ndiyo."

"Baiskeli iko hapo nje," Kahaso alisema. "Panda gari unifuate mlimani, uone kwa macho yako."

"Gari halina mafuta. Unajua bei ilivyo siku hizi."

Kahaso alishukuru, akatoka, akaketi kwenye ngazi za baraza. Watu walimpita wakienda zao. Hapakuwa na aliyemwuliza anamngoja nani.

Saa kumi na moja Gilbert alifunga mlango, akampita bila kumtazama, akaingia ndani ya gari jeupe. Likawaka mara moja. Kule Kombani likakata kona kuelekea Kwale.

Kahaso alikuwa nyuma yake kwa baiskeli. Kwenye mwinuko kulikuwa na lori la mchanga likijikokota, na gari jeupe likalazimika kwenda mwendo wake. Kahaso alilikaribia taratibu, mpaka gurudumu lake la mbele likawa sambamba na mlango wa nyuma. Kwenye kioo cha pembeni macho yao yakakutana. Hakupunga mkono. Alisukuma pedali, kulia na kushoto.

Lori likasogea pembeni. Gilbert alimtazama tena kwenye kile kioo, akapandisha dirisha, kisha akakanyaga mafuta.