Kigoda Nilichokikataa Bila Kukikalia

Usiku wa jana niliota nimeitwa karakana ya shule, na kilichoniita kilikuwa kigoda cha miguu mitatu.

Kanuni ya somo la Teknolojia na Usanifu ni hii: mwanafunzi wa kidato cha nne anachora mawazo manne, anakataa matatu kwa kutoa sababu, kisha anaunda la nne. Sisi huunda kwanza. Kigoda changu cha miguu minne kilikwisha wiki iliyopita. Jana mchana, huku natafuna muhogo, nikachora vingine vitatu vya kukataa. Leo saa mbili mwalimu anasahihisha, na bila alama za michoro hiyo somo limenishinda.

Basi niko karakana. Jiliwa la mezani, lile la kubania mbao, limenibana mkono wa sweta, kwa adabu.

"Dada Atupakisye," kinasema kigoda, "umeandika mimi si imara. Ulinikalia lini?"

"Sikukukalia. Hukuwepo."

"Kwa hiyo ulinikataa kabla sijazaliwa."

"Darasa zima tumefanya hivyo."

Mwalimu Ngailo anaingia kwa mionekano mitatu, kama anavyotudai kwenye michoro: wa mbele, wa ubavuni na wa juu. Wa juu ni upara mtupu. Tumezoea kumwona na kofia, kwa hiyo naangalia chini.

"Shikamoo mwalimu. Nimekosa?"

"Marahaba. Miaka kumi na tisa nasahihisha mawazo yaliyokataliwa," unajibu mwonekano wa mbele. "Wazo lililofikiriwa kweli sijaliona hata moja. Ila folda zenu huwa safi, nawapa alama."

Wa ubavuni unatazama kando, kama kawaida yake.

Karakana sasa ni uwanja wa paredi, wenye mabonde yake yote. Kigoda cha miguu mitatu kimetulia juu ya bonde. Changu kinatikisika mbele ya shule nzima. Mwalimu anainama, anachomoa chini ya mguu wa kigoda changu kipande cha boksi nilichokikunja na kukificha.

"Na hili ni wazo la ngapi?"

Naona aibu. Naona na hasira, maana kile kigoda ni kizuri kuliko changu.

Nikaamka. Nilivuta kigoda changu uvunguni, nikakikalia, nusura kinibwage. Kipande cha boksi hakikuwepo. Nilikikuta ndani ya folda, kwenye ukurasa wa kigoda cha miguu mitatu. Chini ya maneno yangu, "Si imara," pameandikwa kwa penseli, kwa mwandiko usio wangu:

"Nani?"