Kigoda cha Mlangoni

Mimi sikuwa na tamaa kubwa. Wengine hoteli ikihama hutaka viti vipya, kabati la vioo, redio ya kuwaimbia wateja. Mimi Esnah, mke wa Ongeri, nilitaka kitu kimoja tu: kupaa samaki magamba nikiwa ndani, nimesimama penye bomba, mgongo umenyooka kama wa binadamu wengine.

Miaka kumi na moja nilikuwa nimefanya kazi hiyo nje, mlangoni pa kibanda chetu cha mabati karibu na soko la Kisii, nimekaa juu ya kigoda kifupi, magoti yakinigusa kidevu. Jua likiwaka lilikuwa langu. Mvua ya alasiri, ambayo huku kwetu haijui likizo, ikianza, nilijifunika gunia na kisu kikaendelea.

Sababu ni hii. Sisi ni Wakatoliki, na wateja wetu wengi walikuwa Wasabato. Msabato hali samaki asiye na magamba. Ngege mwenye magamba atamla mpaka alambe vidole, lakini mumi na kamongo hata kuwataja mezani hataki. Mkatoliki naye humla mumi bila kumwuliza jina. Basi mwaka wa kwanza yakazuka maneno kwamba kwa Ongeri mtu anaweza kulishwa mumi aliyejificha kwenye mchuzi. Mzee Jethro, mzee wa kanisa lao na mteja wetu wa kwanza, akaja kunishauri.

"Mama Kemuma, wewe kaa tu hapa mlangoni, watu waone magamba ikitoka. Wiki moja, maneno itaisha."

Nikakaa. Wiki hiyo ikazaa miaka kumi na moja.

Mwaka wa 1972 mwenye kiwanja alitaka mahali pake, nasi tukapata nyumba ya mawe kule juu, kando ya barabara kubwa. Ongeri aliipaka rangi ya kijani, akamwita fundi amchoree ngege ukutani, akatoka ngege mkubwa kuliko mbuzi. Jikoni kulikuwa na bomba na sinki ya saruji. Nilipofungulia maji mara ya kwanza nililia, na sioni haya kusema. Siku ya kuhama nilikitupa kigoda kwenye takataka, mguu wake mmoja umevunjika. Gunia nilimtupia Ongeri.

"Hili lichome," nikamwambia.

Tulifungua Jumatatu. Samaki walifika asubuhi na basi la Kendu Bay, wabichi kabisa, nami nikawapaa pale penye bomba huku nikiimba. Ugali wa wimbi ulikuwa tayari, na mboga ya chinsaga pia. Watu walikuja kweli. Walikuja mpaka mlangoni, wakamshika Ongeri mkono, wakasifu rangi, wakamcheka ngege wa ukutani, wakatazama chini kwenye saruji safi, kisha wakakumbuka kwamba wana haraka. Mpaka jioni waliokula walikuwa makarani wawili na polisi mmoja.

Jumanne ikawa vivyo hivyo. Nyanchera, binti aliyekuwa akipeleka sahani mezani, ndiye aliyeniletea habari.

"Mama, wanasema siku hizi samaki inaoshwa huko ndani. Nani anajua ni samaki gani?"

"Si wanaijua ladha ya ngege?"

"Wanasema mchuzi yako ni tamu sana, inaweza kuficha kitu."

Hebu fikiria! Nimesifiwa mpaka nimekosa wateja. Jumatano nikachukua beseni la magamba, nikalimwaga lote mbele ya ngazi mpya. Magamba yakametameta pale, nzi wakafurahi. Mama mmoja muuza ndizi akasimama, akayasogeza kwa kidole cha mguu.

"Haya naona," akasema. "Lakini ni ya hii samaki ya leo, ama ni ya kuonyesha?"

Akaenda zake. Usiku huo tulikula samaki sisi na majirani, na Ongeri hakumaliza sahani yake.

"Mama Kemuma," alisema, "pengine ungekaa mlangoni siku mbili tu."

"Nilishaambiwa wiki moja."

Akaanza kukusanya sahani. Naye alikuwa amechoka, nilimwona. Lakini uchovu wangu ulikuwa na miaka kumi na moja, na sikuwa tayari kuuanza upya kutoka mwanzo.

Alhamisi, kabla ya saa sita, nilisikia sauti za watu nje nikatoka. Mzee Jethro alikuwa anapanda ngazi, jasho limemlowesha kola, na nyuma yake watu kama kumi. Mkononi alibeba kigoda changu. Alikuwa amekiokota kwenye takataka, akakitia mguu mpya wa mti mweupe, akakilainisha na kukipaka mafuta mpaka kikang'aa.

"Bwakire, Mama Kemuma," alinisalimu, akicheka kwa furaha. "Niliambiwa umekosa pahali pa kukaa, ndio maana watu hawakuoni. Nikasema, huyu mama ametulisha vizuri, siwezi kumwacha hivyo. Nimekutengenezea mwenyewe."

Akakiweka kando ya mlango, akakibonyeza kwa mkono kuhakikisha hakiyumbi. Wale watu wakanitazama. Nilikuwa na hasira ya kutaka kukitupa kigoda kile mpaka sokoni kilikotoka. Lakini huyu mzee alikuwa amekesha akinichongea mguu wa kigoda kwa upendo. Utamtukanaje mtu kama huyo?

"Asante, omogaka, mzee wangu," nikasema. "Mungu akubariki."

Nikaingia ndani, nikafunga bomba lililokuwa likichuruzika, nikatoka na beseni la samaki na kisu. Nikakaa. Magoti yakapanda mpaka kidevuni, mahali pake pa siku zote. Gamba la kwanza liliporuka Mzee Jethro akaingia, wengine wakamfuata, na ilipofika saa saba Nyanchera alikuwa anaazima viti kwa fundi cherehani.

Saa tisa mvua ikaja. Ile nyumba nzuri ya mawe haikuwa na baraza, na maji ya paa yalishuka moja kwa moja mgongoni mwangu. Ongeri akatoka ndani mbio. Akanifunika mabegani kitu kizito, kikavu, kilichofuliwa na kukunjwa vizuri. Nilikijua kabla ya kukitazama.

"Nilikwambia ulichome," nikasema.

"Ndiyo, uliniambia," akajibu, akarudi ndani kuhudumia wateja.