Bango la Nyar Asembo

Dorca alikuwa fundi wa nguo pale Otonglo, na mabango yake aliyachora jinsi alivyokata nguo: kwanza karatasi ya kaki, kisha futi kamba, kisha chaki. Hakugusa rangi kabla vipimo havijakubali. Alikuwa amechora mabango kumi na mawili ya filamu za katuni alizozipenda, yote kwa ajili ya ukuta ulio juu ya cherehani yake. La mwisho ndilo lililochaguliwa kwenda mjini Kisumu, kwenye maonyesho ya mashabiki wa katuni. Lilitundikwa kwenye ukuta wa mbele, mahali ambapo kila anayeingia angeliona kwanza.

"Nyar Asembo ni nani?" aliuliza Griffins, kijana msimamizi wa maonyesho, asubuhi ya ufunguzi.

"Si huyu bibi mwenye chungu cha upepo?" Dorca alijibu, akiligusa bango.

"Hakuna mtu wa jina hilo kwa hiyo filamu, Madam. Anaitwa Orsela."

Dorca alikuwa ameiona filamu hiyo mara tisa, zote katika kibanda cha video ambako mwenye kibanda, Oluoch, huzima sauti ya filamu, akashika maikrofoni na kusimulia mwenyewe, Kiluo kikipokezana na Kiswahili. Oluoch hakumwacha mwanamke yeyote bila kumtaja kwa kwao, kama wanawake wa huku wanavyoitwa. Aliyezaliwa Sondu ni Nyar Sondu. Wa Asembo, Nyar Asembo, na ndivyo alivyomwita bibi wa chungu. Na bibi huyo alipomfukuza mfalme mlangoni, Oluoch alinguruma: "Upepo huu sikupewa na babako!" Kibanda kizima kilisimama. Maneno hayo, pamoja na jina Nyar Asembo, Dorca alikuwa ameyaandika sehemu ya chini ya bango, kwa rangi nyekundu.

Griffins alifungua kompyuta yake akamwonyesha mahali penyewe. Bibi alimtazama mfalme, akafunga mlango. Hakutamka neno.

"Rudisha nyuma," Dorca alisema.

Akaangalia tena. Kimya kilekile.

"Nilikosea," alisema polepole. "Miaka yote nilijua amesema."

Griffins akashusha pumzi. Alitoa mfukoni ukanda mweupe wa karatasi uliopigwa chapa jina la Orsela. "Basi tufunike na hii. Saa tisa wageni wanafika, na kuna watu wa Nairobi wanatafuta wachoraji. Nafasi kama hii haiji mara mbili."

Dorca hakuupokea. "Nimekosea kuhusu filamu yako. Kuhusu yangu, sijakosea."

"Kwani ziko mbili?"

"Yako sijui imetoka wapi. Yangu ilionyeshwa Otonglo."

"Watatucheka, Madam. Watasema watu wa Kisumu hawajui hata majina."

"Wacheke. Mimi huchekwa kila siku, eti fundi mzima na katuni."

"Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, mbona linakuwasha?"

Griffins alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya wageni. "Bila hii karatasi, halikai ukutani," alisema hatimaye.

Dorca alichomoa pini nne, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake. Akalibeba bango hadi nje.

"Kwa hii geti hakubandikwi kitu," alisema Agneta, mlinzi.

"Sibandiki. Nalishika."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wafunge."

Agneta aliinama akasoma. "Huyu wa Asembo amekasirika kweli."

"Ana haki."

Saa tisa gari la kwanza la wageni wa Nairobi likafika. Griffins alitoka kulipokea, akampita Dorca na kumnong'oneza: "Karatasi bado ninayo. Nafasi yako sijampa mtu."

"Mpe," Dorca alijibu.

Kioo cha gari kikashuka. Mama mmoja mwenye miwani alitoa kichwa, akasoma maneno mekundu, akayarudia kwa sauti.

"Hii ni filamu gani?" aliuliza. "Sijawahi kuiona."

"Ya Otonglo," alisema Dorca, akaliinua bango juu zaidi.